Kabla Hujang'oa Dirisha la Chuma

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu zimetoka Mwanza na vitongoji vyake, na karibu zote zinauliza kuhusu madirisha ya zamani. Tumechagua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna maswali ya wengine wengi.

SWALI: Fundi, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu na ninaishi kwenye mteremko wa Isamilo, katika nyumba iliyojengwa mwaka 1974. Ina madirisha 12 ya chuma, yale yale ya tangu siku ya kwanza. Wanangu walioko Dar es Salaam wamenitumia picha za madirisha ya alumini ya kusukuma, na wanataka kuchangishana fedha ili yote 12 yabadilishwe kabla ya mvua za vuli. Fundi aliyekuja alipima ukubwa wa kila dirisha, akanitajia bei ya jumla, akaondoka. Mawili hayafungi kabisa, matatu yamepasuka vioo, na lile la sebuleni linaloangalia ziwa huingiza maji kila mvua inapokuja na upepo. Yaliyobaki yana kutu lakini yanafanya kazi. Je, nikubali?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichonisumbua zaidi ni namna yule fundi alivyofanya kazi yake. Mtu anayepima tundu la ukutani na kutaja bei bila kufungua hata komeo moja hajaja kutafuta ugonjwa; amekuja kuuza dawa aliyokwisha kuibeba. Kwa jinsi ulivyoeleza, madirisha yako yana matatizo manne tofauti, na alumini inatibu moja tu kati ya hayo, tena si lile kubwa.

Tuanze na kutu, kwa kuwa naona ndiyo inayowatia hofu wanao. Wanachokiona Dar es Salaam ni kweli: upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu hula chuma kwa kasi, hata dirisha lililopakwa rangi vizuri huanza kumwaga magamba baada ya muda mfupi. Lakini maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi ya bahari. Upepo wa ziwani huleta unyevu tu, na chuma cha Mwanza huliwa pale ambapo rangi imeachia na maji yamepata mahali pa kutuama. Ndiyo maana madirisha yako yamesimama nusu karne, na ndiyo maana ushauri unaofaa Kigamboni haupaswi kuhamishiwa Isamilo bila kuchunguzwa.

Chukua bisibisi, pita dirisha hadi dirisha, na uichome kwa nguvu katika pembe mbili za chini za kila fremu, kwa sababu huko ndiko maji hukaa. Ikigonga chuma kigumu chini ya magamba, fremu hiyo ni nzima na inastahili kutengenezwa. Ikizama au ikitokea upande wa pili, hiyo imekwisha, na hapo ndipo mazungumzo ya kubadilisha yanapoanza. Zilizo nzima zikwanguliwe kwa brashi ya waya na msasa, zipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo kabla ya umande wa usiku, kisha zipate mikono miwili ya rangi ya mafuta. Angalizo moja ambalo mafundi wetu wengi hulidharau: rangi za mafuta za miaka ile mara nyingi ziliwekwa madini ya risasi, na vumbi lake huwadhuru watoto hasa. Rangi ilowanishwe kabla ya kukwanguliwa, chini patandikwe nailoni ya kukusanya magamba, na wajukuu wapelekwe kwa jirani siku hiyo. Grenda kwenye rangi ya namna hiyo mimi siiruhusu kabisa, maana huitawanya nyumba nzima.

Vioo vitatu vilivyopasuka vina uhusiano na kutu hiyo hiyo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo inapokua chini ya kioo hukibana taratibu hadi kikapasuka kuanzia ukingoni. Ukiona ufa umeanza pembeni na kuelekea katikati, bila alama ya jiwe, jua kwamba ni fremu iliyokibana, na kioo kipya kikiwekwa juu ya kutu ile ile kitafuata njia ya mwenzake. Puti ya zamani, ambayo ni unga wa chaki uliokandwa kwa mafuta ya kitani, nayo hukauka na kupasuka ikiachwa bila rangi. Mwambie fundi aitoe yote, na akiweka mpya aipake rangi inayopanda juu ya kioo kwa milimita 2 hivi, ili maji yasipate mwanya kati ya puti na kioo.

Sasa yale mawili yasiyofunga, ambayo kwangu ndiyo ya kwanza kuangaliwa. Nyumba nyingi za milima ya Mwanza zimekaa nusu juu ya jiwe na nusu juu ya udongo uliojazwa ili kusawazisha kiwanja. Udongo hushuka kidogo kidogo kwa miaka, jiwe halishuki. Ukuta ulio katikati ya hayo mawili hujipinda, na hujipinda kwanza kwenye pembe za madirisha kwa kuwa hapo ukuta umekatwa na nguvu yake imepungua. Angalia kama kuna ufa unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha kwenda juu au chini. Ukiukuta, weka alama ya penseli kwenye ncha zake, andika tarehe pembeni, kisha uutazame baada ya vuli na tena baada ya masika. Ufa uliosimama unaweza kuzibwa na dirisha likarekebishwa. Ufa unaotembea ni kazi ya mhandisi na msingi, na hakuna dirisha jipya litakalouzuia. Lile la kusukuma litakwama mapema zaidi, maana reli yake inahitaji kukaa sawa sawa na pimamaji, kile kifaa cha kupima usawa, wakati wote. Kama hakuna ufa wowote, basi furahi, kwa sababu huenda kinachozuia ni rangi ya miaka 50 iliyopakwa tabaka juu ya tabaka, au bawaba iliyolegea ambayo mchomeleaji ataimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Dirisha la sebuleni linahitaji ndoo ya maji na mtu wa kukaa ndani. Mwaga maji kwanza kwenye ukingo wa zege ulio chini ya dirisha upande wa nje, ukisubiri kama dakika 10. Kisha mwaga kwenye fremu. Mwisho mwaga ukutani juu ya dirisha, karibu na lenta, ile boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha. Anayekaa ndani aseme maji yameonekana katika hatua ipi. Ukianza na juu hutajua kitu, kwa kuwa maji yatashuka kila mahali. Mara nyingi nimekuta kosa liko kwenye ule ukingo: umeinamia ndani badala ya nje, au chini yake hakuna mfereji mwembamba wa kukata tone, hivyo maji yanarudi kinyumenyume hadi ukutani. Kosa hilo linarekebishwa kwa saruji kidogo na mikono ya mwashi mwangalifu, na kama halikurekebishwa, dirisha la alumini litakalowekwa juu yake litavuja vile vile.

Limebaki suala la hewa, ambalo wanao hawataliona kwenye picha. Dirisha la futi 5 kwa 5 lina eneo la futi za mraba 25. La bawaba hufunguka karibu lote. La kusukuma lenye mabawa mawili huacha wazi nusu tu, futi 12 na nusu, kwa kuwa bawa moja daima limesimama mbele ya jingine. Mchana upepo wetu hutoka ziwani kuja nchi kavu, nao ni feni isiyolipiwa umeme. Kuufungia nje nusu yake ni jambo la kufikiriwa mara mbili, hasa sebuleni kwako ambako ziwa liko magharibi na jua la alasiri linaingia kwa upande huo huo.

Kwa hiyo, Mwalimu, usikubali kwa namna ilivyopendekezwa. Zitakazoshindwa mtihani wa bisibisi ziondolewe, na ukipenda alumini iwe ya bawaba, inayofunguka yote. Nyingine zitengenezwe. Fedha ya wanao itakayobaki iende kwenye ukingo wa sebuleni na kwenye ufa, kama upo. Na kama mnataka kufanya kazi kabla ya vuli, anzeni Agosti, dirisha moja moja, wala msikubali nyumba nzima ibaki na matundu wazi kwa sababu tu kioo kimechelewa.

SWALI: Shikamoo Fundi. Sisi tumehamia Buswelu mwaka jana na tuliweka madirisha mapya ya alumini ya kusukuma baada ya kuyatoa ya luva. Mvua ikija kwa kishindo, reli ya chini inajaa maji kama hori na kumwagika ndani, hadi zulia limeoza. Fundi amerudi mara mbili na kila mara anaongeza silikoni. Kosa ni letu au ni lake?

JIBU: Marahaba, mama. Kosa si lenu, na silikoni yake huenda ndiyo inayozidisha tatizo.

Reli ya chini ya dirisha la kusukuma haikutengenezwa kuzuia maji yasiingie. Imetengenezwa kama mfereji, ikijulikana tangu mwanzo kwamba mvua ya upepo itapenya pembeni mwa mabawa, itaangukia kwenye reli, kisha itatoka nje kwa vitundu vilivyotobolewa upande wa nje. Vitundu hivyo vikikosekana, au vikizibwa kwa vumbi, kwa plasta, au kwa mtu mwenye bomba la silikoni asiyejua kazi yake, maji hayana pengine pa kwenda isipokuwa juu ya zulia lako. Jaribu hivi: siku ya jua, mwaga kikombe kimoja cha maji ndani ya reli, kisha toka nje uangalie. Yasipotoka ndani ya muda mfupi, umepata jibu.

Mtake fundi aondoe silikoni yote iliyo upande wa nje chini ya reli, na atoboe vitundu angalau viwili kwa kila dirisha, kimoja karibu na kila pembe, vyenye upana usiopungua milimita 6. Kitundu chembamba kuliko hapo hushikwa na utando wa maji na kubaki kimejaa badala ya kumwaga. Kisha aweke pimamaji kwenye reli. Ikiwa fremu imeinamia ndani hata kidogo, vitundu havitasaidia, na itabidi ifunguliwe ipangwe upya. Akague pia skrubu alizozipitisha katikati ya reli kushikia ukutani, kwa sababu kila skrubu isiyozibwa kichwani ni bomba la kupeleka maji ndani ya tofali. Na ukuta ukionekana kuvimba rangi chini ya dirisha, kwa kawaida chanzo ni hicho.

Umeeleza pia katika barua yako kwamba fremu zina madoa meupe yasiyotoka. Hiyo ni saruji. Saruji mbichi hula ngozi ya alumini na hata kuchubua kioo, ndiyo maana fremu mpya huja na karatasi ya kunata ambayo haitakiwi kubanduliwa hadi plasta iwe imekwisha. Madoa hayo hayatatoka. Msiyasugue kwa msasa, mtazidisha. Na kama fundi alijaza mwanya kati ya fremu na ukuta kwa saruji tupu, mjue kwamba fremu ya alumini ya mita 1.5 hurefuka kwa takriban milimita 1 joto lake likipanda nyuzi 30, jambo la kila siku kwa dirisha linalopigwa na jua. Saruji haitaki kunyooshwa, hupasuka, na hapo ndipo mahali halisi pa kutumia silikoni: kwenye mwanya wa fremu na ukuta, kamwe si kwenye vitundu vya reli.

SWALI: Tunaishi Luchelele, karibu sana na ufuko. Tukibadilisha madirisha ya mbao tunataka wavu utakaozuia mbu pamoja na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka kama moshi na kujaa kwenye taa. Tuweke wavu wa namna gani?

JIBU: Hao ni wageni wawili tofauti. Kwa mbu, wavu wenye matundu 16 hadi 18 kwa inchi moja unatosha. Mkitafuta wavu mzito zaidi kwa ajili ya wadudu wa ziwani, mtapoteza upepo kila siku ya mwaka kwa sababu ya viumbe wasiouma ambao huinuka kwa wingi usiku wa siku za karibu na mwezi mwandamo. Kwa usiku hizo, dawa rahisi ni kuzima taa za upande wa ziwa na kuwasha moja mbali na nyumba, watakwenda huko.

Kwa mbu, dirisha ni nusu ya kazi tu. Mbu wa malaria hupenda kuingia kwa kupitia ule uwazi ulio kati ya kichwa cha ukuta na paa, na nimeona nyumba zenye nyavu nzuri mno madirishani huku juu kukiwa wazi kiasi cha kupitisha mkono. Mzibe huko kwa wavu pia. Kuhusu mahali pa kuweka wavu, dirisha la bawaba linalofungukia nje linataka wavu uwe ndani, nao uwe na fremu yake inayofunguka, la sivyo mtautoboa wenyewe kwa kutafuta komeo.

Mmetaja kwamba mtaweka na nondo. Wekeni, lakini katika kila chumba cha kulala nondo za dirisha moja ziwe na bawaba na kufuli, na ufunguo utundikwe ukutani mahali ambapo kila anayelala humo anaujua hata gizani, ila pasifikiwe na mkono wa mtu aliye nje. Moto ukianzia jikoni na mlango ukiwa upande huo, nondo zilizochomelewa moja kwa moja huwafungia ndani wenye nyumba.

SWALI: Nyumba ya marehemu baba huko Kirumba ina fremu za mninga. Mchwa wamekula sehemu za chini za madirisha matatu. Nibadilishe yote kuwa chuma?

JIBU: Pole kwa msiba. Mninga mkavu si chakula chepesi kwa mchwa. Wakiufikia, mara nyingi ni kwa sababu umelowa muda mrefu. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi, na ufuate vijia vya udongo ukutani hadi chini vilikoanzia, kwa kuwa ukiviacha, mchwa watahamia kwenye kenchi za paa hata kama madirisha yote yatakuwa ya chuma. Seremala mzuri anaweza kukata kipande kilicholiwa na kuunga kingine cha mninga kwa mshazari, pamoja na gundi na skrubu, hata usijue palipoungwa. Mbao za unene ule siku hizi ni ghali, na mimi nisingezitoa.

SWALI: Chumba chetu cha Pasiansi kinaangalia magharibi na kinakuwa tanuri kuanzia saa tisa alasiri. Muuzaji anasema tuweke vioo vya giza, au vioo viwili viwili kama vya Ulaya. Tuchague kipi?

JIBU: Vioo viwili viwili vilibuniwa kwa nchi ambazo watu hufunga madirisha ili joto lisitoke, ninyi mnafungua ili liondoke, na dirisha likiwa wazi unene wa kioo hauna kazi. Kioo cha giza hupunguza mwanga kuliko kinavyopunguza joto, maana chenyewe hulinyonya, kikapata moto, kisha kikalitoa sehemu ndani ya chumba. Usiku, mkiwasha taa, anayepita nje atawaona vizuri tu. Jua la kuelekea jioni huja chini kwa chini, kwa hiyo hata kofia ya zege juu ya dirisha haitalizuia peke yake. Linazuiwa na kitu kinachosimama mbele ya kioo kwa nje: mti, mbao za mlalo, au pazia la matete. Kabla ya kununua chochote, tundikeni mkeka upande wa nje wa dirisha hilo kwa wiki moja, kila alasiri, kisha wiki inayofuata uhamishieni upande wa ndani, na mpime tofauti kwa kuweka kiganja juu ya kitanda saa kumi na moja jioni.